Miezi mitatu nikilaumu vidole vyangu

Nianze na F. Kila aliyejifunza gitaa anaijua hiyo kordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), ile ya kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita pale freti ya kwanza, freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo ya gitaa, na mimi kwa miezi mitatu nilikuwa naulaza huo mkono na kinachotoka ni tk tk tk kama mtu anagonga kopo. Nikabadilisha kukaa, nikashusha kiwiko, nikakata kucha mpaka karibu na nyama, nikabana mpaka dole gumba likawa linauma usiku, wapi. Nikaanza kujisemesha, labda vidole vyangu vifupi, labda nimechelewa kuanza, labda muziki si wa kila mtu. Kumbe tatizo lilikuwa limelala juu ya mapaja yangu muda wote huo, jeusi, lina pembe mbili kali, na nililinunua mwenyewe kwa hela yangu.

Nilivyolinunua ndo hivi. Nilikuwa na akiba niliyodunduliza, si kubwa, na kichwani nilikuwa na picha moja tu ya gitaa jeusi lenye pembe, basi nilipoliona ukutani sikuangalia jingine. Muuzaji akalishusha, akalichomeka kwenye ampu, ile spika ya kukuzia sauti, kubwa inayonifika kiunoni, akafungulia distoshoni, ile inayoifanya sauti ikwaruze na kunguruma, mpaka mwisho, akapiga rifu mbili tatu, sakafu ikatetemeka na mimi nikatetemeka nayo. Mi mwenyewe sikulishika hata. Nimetoa hela kabla sijaliweka mapajani, hebu fikiria, mtu hata kiatu anajaribu! Baadaye sana ndo nikaja kuelewa kwamba distoshoni ni kama manukato, inafunika mengi, nyuzi zilizooza, pikapu dhaifu (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi), freti zinazokoroma, vyote vinazama mle ndani ukiwa unapigiwa na mtu anayejua kazi. Mwambie azime distoshoni apige uzi mmoja mmoja taratibu, halafu akupe na wewe upige, hata kama hujui kitu, hata kama unaona aibu. Aibu ya dakika tano si kitu.

Na nilitoa hela yote, hilo nalo. Nikafika nyumbani na gitaa la umeme sina ampu, sina kebo, sina tuna, kile kifaa cha kupimia sauti ya nyuzi, pleki yenyewe, kile kiplastiki cha kupigia, nilipewa kwa huruma. Wiki za mwanzo nikawa nalipiga kavu, sauti yake kama ya mbu aliyefungiwa kwenye chupa.

Sasa nije kwenye kutuni, yaani kukaza nyuzi mpaka kila moja ifike kwenye noti yake, maana hapa ndo nilikaribia kulia. Gitaa lile lilikuwa na daraja la kuelea, yaani daraja, kile kipande cha chini kinachoshika nyuzi, halijakaa juu ya bodi, limening'inia, nyuzi zinalivuta mbele na springi zilizoko mgongoni zinalivuta nyuma kama mizani, na kule juu shingoni nyuzi zimebanwa na vikufuli vya kukaza kwa alenki. Jamaa aliyebuni mfumo huo, Floyd Rose, mwishoni mwa miaka ya 1970, alijua anachofanya, wapigaji walitaka kuusukuma ule mkono wa tremolo, kile kijiti cha kuyumbishia daraja, mpaka nyuzi zinalegea kabisa halafu zikirudi ziwe bado kwenye sauti, na mfumo ukiwa mzuri na umekaa sawa kweli zinarudi. Ila mimi sikuwa na haja ya kusukuma chochote, mimi nilikuwa natafuta noti ya E tu. Nakaza uzi wa sita mpaka unafika E, nahamia wa tano naukaza mpaka A, nikirudi kuangalia wa sita, umeshuka. Naupandisha tena wa sita, wa tano umeshuka. Ni mizani jamani, ukiongeza mvuto upande wa nyuzi daraja linainama, na likiinama nyuzi zingine zote zinalegea kidogo. Mi sikujua hilo, nikadhani vifungo vya kukazia vimechoka, nikazidi kukaza, jioni nzima, mpaka uzi wa kwanza ukakatika ukanichapa kidole, na wenzake watano wakapanda juu kwa mpigo mmoja. Nikalilaza kitandani nikalifunika shuka gubigubi kama maiti, nikatoka nje kutembea.

Kwa hiyo nikiulizwa leo na mtu anayeanza, kabla ya jina, kabla ya rangi, namwambia daraja likae palepale lilipo, lisielee. Magitaa mengi ya bei nafuu ya umbo la Stratocaster, lile la kampuni ya Fender, yana tremolo ya kawaida isiyo na vikufuli, hayo hayana tabu, unafungua kifuniko cha nyuma unakaza skrubu mbili zinazoshika springi mpaka daraja linalala juu ya bodi, basi, limetulia, siku ukitaka kuchezea tremolo utazilegeza.

Rafiki yangu mmoja mpiga besi ndo alinihurumia. Alikuja siku moja akalishika, akabonyeza bonyeza, akasema, "Kaka, hivi hili unalibonyezaje?" Nikamwambia nafanya mazoezi. Akasema, "Hapana, mazoezi gani haya, twende kwa mzee."

Mzee ni fundi magitaa, meza yake imejaa tupa ndogo ndogo, msasa, chuma cha lehemu, na makopo ya nati na skrubu. Hakuuliza nimelinunua wapi wala bei gani, aliuliza nimeanza lini.

"Miezi mitatu, mzee."

"Na F inatoka?"

"Haitoki."

Akalichukua, akatuni kwa subira yake yote, akapiga F. Ikatoka. Mi nikainamisha kichwa, nikajua basi ni vidole vyangu kweli. Akasema, "Usikimbilie kuinama. Umeisikia? Imetoka, lakini imepinda." Akapiga tena, halafu akapiga E ya wazi, halafu F, na safari hii nikasikia, ile F ilikuwa imepanda kidogo kuliko inavyotakiwa, inaumiza sikio kwa mbali, kama mtu anaimba kwa kukaza koo. Kumbe hata siku ambazo nilikuwa nimetuni vizuri na bado kila kordi inasikika kama imekosea, haikuwa masikio yangu.

Akanionyesha. Bonyeza uzi wa sita kati ya freti ya pili na ya tatu, ushikilie hapo, halafu tazama juu ya freti ya kwanza kuna nafasi kiasi gani. Inatakiwa iwe ya unywele, ukiugonga uzi pale kwa kidole usikie tik kidogo tu. Ya kwangu mzee alichukua kadi ya biashara akaipitisha pale na ikapita inaelea, haijagusa juu wala chini. Nati, kile kipande cha juu kabisa nyuzi zinapopita kuelekea kichwani, ilikuwa imeinuka juu mno, kwa hiyo kila nilipobonyeza freti ya kwanza uzi unasafiri mbali kwenda chini, ukisafiri mbali unavutika, ukivutika sauti inapanda. Akafungua alenki zake, akanyanyua ile nati, chini yake tukakuta vibati vitatu vimepangwa kama vitafunio. Vyembamba kama wembe, vimewekwa na nani na kwa nini hatukujua. Akatoa viwili. Hapo hapo akachukua rula ya chuma akapima kwenye freti ya 12, kimo cha nyuzi kilikuwa karibu milimita 4, akashusha daraja mpaka ikafika kama milimita 2, akanyoosha shingo kidogo kwa kuzungusha ile fimbo ya chuma iliyopita ndani yake, robo duara tu, akasema, "Hii usiichezee kwa hasira."

Mwisho akapima kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Aligusa uzi kwa juu juu pale freti ya 12 bila kuubonyeza, ukatoa mlio ule wa kengele, halafu akabonyeza palepale akapiga tena. Mlio wa kengele na mlio wa kubonyeza vinatakiwa viwe noti ileile. Vikitofautiana, gitaa litatuniwa likiwa wazi lakini huku chini ya shingo litakuwa linadanganya, na dawa yake ni kusogeza kile kikalio cha uzi kwenye daraja mbele au nyuma.

Akanirudishia. Nikalaza kidole. Uzi wa pili ulikoroma, lakini F ilitoka. Nilimwangalia yule rafiki yangu naye akaangalia pembeni, nadhani alikuwa anazuia kucheka.

Lile jeusi sikukaa nalo. Lilipopona nikaliuza kwa kijana mmoja aliyekuwa anatafuta hasa daraja la namna ile, anapiga mambo ya kupiga mayowe, yeye alifurahi, mi nilifurahi zaidi, na safari hii nikaigawa hela kabla sijatoka nyumbani. Kwa makadirio yangu, theluthi mbili hivi iende kwenye gitaa na theluthi moja ibaki kwa ampu ndogo, kebo, tuna, seti ya nyuzi na hela ya fundi. Hela ya fundi ndo watu wanaikata, wanaona kama anasa. Gitaa la bei ya chini likipita kwa fundi mzuri linalishinda la bei ya kati ambalo halijaguswa tangu litoke kwenye boksi, hili nimeliona kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Nikatafuta la mkononi, mtumba. Hoja yangu ilikuwa kwamba gitaa si kama simu, halichakai kwa kuzeeka programu. Umbo la Telecaster lilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1950, Les Paul 1952, Stratocaster 1954, na mpaka leo tunanunua maumbo yaleyale, sasa la miaka mitano iliyopita limepitwa na nini? Majina nayo yapo yanayoeleweka kwa anayeanza, Squier ambayo ni ya Fender, Epiphone ambayo ni ya kampuni ya Gibson, Pacifica za Yamaha, GIO za Ibanez. Simaanishi kila gitaa lenye jina hilo ni zima, namaanisha ni mahali pazuri pa kuanzia kutazama, na siku ukiliuza kuna mtu atalijua.

La kwanza nililoliangalia lilikuwa zuri kwa kila kitu ila shingo. Nilifanya kama mzee alivyonifundisha, unalishika kama bunduki, jicho pale kwenye nati unatazama kuelekea kwenye bodi, ukingo mmoja wa shingo halafu ukingo wa pili. Likiwa limepinda mbele kidogo au nyuma kidogo si neno, fimbo ipo. Lakini hilo lilikuwa limejisokota, ukingo mmoja umepanda na mwingine umeshuka kama propela, hiyo kwa hela ya mwanafunzi haina dawa. Nikashukuru nikaondoka. Mwenye gitaa alinuna, na mimi bado namwelewa.

La pili nilipopitisha kiganja pembeni mwa shingo kutoka juu hadi chini lilinikwaruza kama msumeno. Mbao ikikauka inasinyaa, chuma hakisinyai, basi ncha za freti zinachomoza. Hii inatibika kwa tupa na uvumilivu, sio sababu ya kulikataa, ni sababu ya kuomba punguzo. Nililikataa kwa sababu nyingine, kila nikizungusha kitufe cha sauti linakwaruza khrr khrr na nikitikisa kebo pale inapoingia sauti inakatika. Fundi aliniambia baadaye nilikosea, hayo ndo magonjwa madogo kuliko yote, dawa ya kupuliza kwa vitufe na lehemu kidogo pale kwenye tundu, nusu saa kazi imekwisha. Basi, nilimwachia mtu mwingine gitaa zuri.

La tatu ndo nililonalo. Nilikaa nalo karibu saa nzima, nikapiga kila uzi kwenye kila freti, sita mara ishirini na moja, muuzaji akaenda kunywa chai akarudi akanikuta freti ya 14. Unasikiliza noti inayokufa haraka kuliko wenzake, au inayotoa noti ya jirani yake, maana yake kuna freti imenyanyuka. Nikavuta nyuzi juu kama ile tunayoita kubendi, nikaangalia baada ya hapo linabaki kwenye sauti au linahama.

Kwenye pikapu niliumiza kichwa bure kwa wiki mbili. Kwa kifupi, pikapu ya koili moja sauti yake ni kali, safi, inang'aa, ukipiga rumba ukafika kwenye sebene zile nyuzi nyembamba zinachomoza zinacheka, lakini inavuta mvumo wa umeme, ukikaa karibu na taa au kompyuta inanguruma mmmm. Ya koili mbili, ambayo Seth Lover wa Gibson aliibuni mwaka 1955 kwa ajili ya kuua huo mngurumo, ni nene zaidi na ndo wapenda roki nzito wanaitaka. Kwa asiyejua bado atapenda nini, kuna magitaa yenye pikapu mbili za koili moja, na pikapu moja ya koili mbili pale karibu na daraja, Pacifica nyingi ziko hivyo, unakuwa na vyote. Mi nilichukua ya hivyo na sijajuta. Na ukisikia mngurumo unaopungua ukigusa nyuzi kwa mkono usiogope, usilirudishe gitaa, mwili wako ndo umeunganika na waya wa ardhi.

Mambo ya mbao gani, hii inatoa sauti ya joto, ile inatoa sauti ya baridi, waachie wazee wabishane. Brian May wa Queen alitengeneza gitaa lake yeye na baba yake kuanzia 1963, shingo imetoka kwenye mbao ya sehemu ya kuotea moto, na ndilo hilo amelipiga maisha yake yote. Angalia uzito badala yake, simama nalo na mkanda begani dakika kumi, uone kichwa hakishuki chini ukiachia mkono.

Nyuzi nazo, hapa kuna nafuu ya bure ambayo hakuna aliyeniambia. Anza na seti ya 9, yaani uzi mwembamba kabisa una unene wa sehemu 9 katika 1,000 za inchi, ni laini kwa vidole vichanga kuliko seti ya 10, usimsikilize anayesema nyuzi nene ndo za wanaume. Na shingo za mtindo wa Gibson ni fupi kidogo, uzi unaocheza una kama milimita 628 wakati za mtindo wa Fender ni 648, kwa hiyo kwa nyuzi zilezile zinakuwa laini zaidi kidogo. Kama mikono yako midogo, zijaribu zote mbili.

Ampu nilichukua ndogo ya mezani, ina tundu la hedifoni. Lile tundu limeniokoa mimi na majirani. Mazoezi yangu mengi nafanya saa tano usiku, na ingekuwa ampu ile kubwa ya dukani ingekuwa imebaki pambo la kuwekea nguo.

Juzi juzi binamu yangu kaniomba nimsindikize, naye anataka kuanza. Nikajiandaa, rula mfukoni, kadi ya biashara mfukoni, nikajiona fundi kabisa. Tulipofika alienda moja kwa moja kwa jekundu linalong'aa kama gari jipya, lina pembe, na mimi moyo ukaniruka. Nikamvuta kwa jingine la kahawia, limetulia, la kizee, nikapima nati, nikapima freti ya 12, nikatazama shingo, halina kasoro. Akalishika, akapiga nyuzi mara mbili, akalirudisha kwa adabu sana.

"Zuri, kaka," akasema, lakini macho yako kwa jekundu.

Ikabidi nilishushe lile jekundu. Daraja halielei. Shingo imenyooka. Kadi haikupita. Nyuzi ziko juu kidogo, kitu cha fundi robo saa. Nikamtafutia sababu ya kulikataa, nikakosa, na yeye huku ameshakaa kwenye kiti amelikumbatia, haliachii, anabonyeza hovyo hovyo anacheka peke yake. Nikakumbuka lile jeusi chini ya shuka kitandani, na kwamba pamoja na mateso yote yale kila asubuhi nilikuwa nalifunua nalishika tena, kwa sababu tu lilikuwa linanivutia.

Tukalipia jekundu, tukaenda kwa mzee.